Fedha Itolewayo na Furaha ya Mtoaji

Wahenga walisema kwamba kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Methali hii tumeizoea mno hata hatuisikii tena. Ukiitazama kwa makini utaona kwamba inazungumzia chanzo cha utoaji, yaani kile kimfanyacho mtu afungue mkono wake. Haisemi lolote juu ya yale yampatayo mtoaji baada ya mkono huo kufunguka. Je, hubakiwa na upungufu tu mfukoni? Au hupata kitu kingine badala ya fedha iliyomtoka? Kwa karne nyingi swali hili lilikuwa mali ya viongozi wa dini, washairi na wazee wa baraza. Katika miaka ya karibuni limeingia katika maabara, na majibu yaliyopatikana, ingawa hayajakamilika, yanastahili kujulikana na kila mtu ambaye mwisho wa mwezi huigawa fedha yake katika mafungu: hili la kodi ya nyumba, hili la unga, hili la ada ya shule, na hili, ambalo aghalabu huja bila kualikwa, la michango.

Wanauchumi hawakulipuuza jambo hili, lakini liliwasumbua. Katika hesabu zao za kawaida mtu hunufaika na fedha kwa kuitumia au kuiweka akiba. Anayeigawa bure huonekana kana kwamba amejipunguzia. Hata hivyo watu hutoa, tena kila mahali na katika kila zama. Mnamo mwaka 1990 mwanauchumi wa Kimarekani James Andreoni alipendekeza kwamba ndani ya hesabu hizo kiingizwe kitu kingine, nacho ni ile raha aipatayo mtoaji kwa sababu tu ametoa yeye mwenyewe, raha aliyoifananisha na joto la makaa. Lilikuwa wazo zuri, lakini wazo si kipimo. Ilibidi mtu alipime.

Msomaji huenda akauliza: furaha hupimwaje, nayo haina uzito wala urefu? Njia iliyo rahisi zaidi ni kumwuliza mwenyewe. Mtu hupewa ngazi ya namba na kuombwa aonyeshe yuko kwenye kidato gani. Njia hii ina kasoro zake, kwani mtu mmoja anaweza kutaja 7 pale ambapo mwenzake angetaja 5. Lakini watu wakiwa wengi, na wakigawanywa kwa kura, tofauti za aina hiyo hufutana, maana kila kundi hupata wakali na wakunjufu kwa kiasi kinacholingana. Tena yafaa kutofautisha furaha ya saa ile na ridhaa ya mtu juu ya maisha yake kwa jumla. Tofauti hiyo itatufaa hapo mbele.

Utafiti uliofungua mlango ulichapishwa mwaka 2008 katika jarida la Science. Waliouandika ni Elizabeth Dunn na Lara Aknin wa Chuo Kikuu cha British Columbia mjini Vancouver, nchini Kanada, pamoja na Michael Norton wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani. Walianza kwa kuwauliza Wamarekani 632 mapato yao, kiwango cha furaha yao, na jinsi walivyotumia fedha katika mwezi wa kawaida: kiasi gani kililipia gharama za nyumbani, kiasi gani kiliwanunulia wenyewe vitu vya kujifurahisha, kiasi gani kilinunua zawadi za watu wengine, na kiasi gani kilitolewa sadaka. Ilionekana kwamba fedha waliyojitumia wenyewe haikuwa na uhusiano wowote na furaha yao, ilhali ile waliyoitumia kwa wengine ilikuwa na uhusiano, hata baada ya tofauti za mapato kuzingatiwa.

Hapa mwanasayansi mwangalifu hana budi kusimama. Kila siku jogoo huwika, kisha jua huchomoza. Lakini hakuna aliyewahi kulichelewesha jua kwa kumchinja jogoo. Mambo mawili kufuatana si ushahidi kwamba moja limeleta lingine. Yumkini watu wenye furaha ndio hutoa zaidi, wala si kutoa kunakowapa furaha. Yumkini pia lipo jambo la tatu, kama vile afya njema au nyumba yenye amani, lizaalo yote mawili.

Kwa sababu hiyo watafiti walipiga hatua ya pili. Waliwafuata wafanyakazi 16 wa kampuni moja ya Boston waliokuwa wakisubiri gawio la faida, wakapima furaha yao mwezi mmoja kabla ya kulipwa na tena baada ya majuma sita hadi nane. Wastani wa gawio ulikuwa karibu dola 4,900, kiasi kisichokuwa kidogo. Ukubwa wa gawio haukutabiri furaha yao ya baadaye kama ulivyotabiri mgawanyo wake: waliotumia sehemu kubwa zaidi kwa ajili ya wengine ndio walioonyesha furaha zaidi. Lakini watu 16 ni wachache, na tena walikuwa wameamua wenyewe la kufanya na fedha zao.

Hatua ya tatu ndiyo iliyokuwa jaribio hasa. Asubuhi moja watu 46 waliulizwa juu ya furaha yao, kisha kila mmoja akapewa bahasha. Ndani yake mlikuwa na dola 5 au dola 20, pamoja na maagizo. Wengine waliagizwa waitumie fedha hiyo kabla ya saa kumi na moja jioni kwa kulipia gharama zao au kujinunulia kitu; wengine waliagizwa wamnunulie mtu zawadi au watoe sadaka. Nani apate bahasha ipi iliamuliwa kwa bahati nasibu, na hapo ndipo nguvu ya jaribio ilipo, kwani hapana mtu aliyeingia katika kundi la watoaji kwa sababu ya ukarimu wake wa asili. Jioni walipigiwa simu. Waliotumia fedha kwa wengine walikuwa na furaha zaidi kuliko waliojitumia. Na jambo la kushangaza ni kwamba dola 20 hazikumfurahisha mtu kuliko dola 5. Kiasi hakikuwa na uzito. Lililokuwa na uzito ni mahali fedha ilikokwenda.

Watafiti hao waliwaendea wanafunzi wengine 109, wakawaeleza jaribio na kuwaomba wabashiri ni kundi gani lingefurahi zaidi. Wengi wao walisema ni wale watakaojitumia fedha wenyewe, tena wenye dola 20. Walikosea mara mbili. Kwa maoni yangu sehemu hii ya utafiti ndiyo yenye kufikirisha kuliko zote. Binadamu ameishi na fedha kwa maelfu ya miaka, naye huitumia kila siku, lakini bado hajajifunza kukadiria sawasawa ni matumizi gani yatakayompendeza.

Mtu wa huku kwetu ana haki ya kunung'unika. Atasema: hao ni watu wa Vancouver na Boston, wenye akiba benki na chakula katika jokofu, waacheni wafurahie kutoa, maana hawana wasiwasi wa kesho. Je, mama lishe anayehesabu faida ya siku kwa shilingi ataipata furaha hiyo hiyo?

Swali hili lilishughulikiwa na Lara Aknin na wenzake katika utafiti mpana uliochapishwa mwaka 2013. Kwanza walichambua majibu ya watu zaidi ya 230,000 kutoka nchi 136, yaliyokusanywa na shirika la Gallup kati ya mwaka 2006 na 2008. Katika nchi 120 miongoni mwa hizo, waliokuwa wametoa fedha kwa ajili ya misaada katika mwezi uliotangulia walielekea kuridhika na maisha yao kuliko wasiotoa. Uhusiano huo haukuwa wa nchi tajiri peke yake. Kisha wakafanya majaribio. Watu wa Kanada na Uganda, jumla yao 820, waliombwa wakumbuke safari moja walipotumia fedha, ama kwa ajili yao wenyewe ama kwa mwingine. Kote kuwili waliokumbuka kumtumikia mwingine walikuwa na furaha zaidi baada ya kumbukumbu hiyo.

Lakini visa vyenyewe vilitofautiana mno. Wakanada wengi walikumbuka mambo mepesi, kama vile zawadi ya siku ya kuzaliwa ya mama. Miongoni mwa Waganda walikuwapo waliokumbuka fedha ya matibabu iliyompa rafiki nafuu katika siku ya mashaka. Mtu angeweza kudhani kwamba kutoa katika hali ya dhiki kunaumiza, kwa kuwa mtoaji naye anahitaji. Haikuonekana hivyo.

Katika utafiti huo huo watu wa Kanada na wa Afrika Kusini walipewa nafasi ya kununua mfuko mdogo wa vitu vitamu. Wengine walijinunulia wenyewe. Wengine walimnunulia mtoto mgonjwa aliyelazwa hospitali, ambaye wasingekutana naye kamwe wala asingejua nani kampa. Haikuwapo nafasi ya kupata shukrani, sifa wala fadhila ya kurudishiwa. Hata hivyo walionunua kwa ajili ya mtoto walionyesha furaha zaidi. Jaribio hili ni la maana kwa sababu linaziba mwanya wa hoja kwamba mtoaji hufurahia tu kuonekana.

Wengine walitaka kujua kama furaha hii hufundishwa na wazazi au mtu huzaliwa na mbegu yake. Mwaka 2012 Aknin, Dunn na Kiley Hamlin walichapisha jaribio walilolifanya kwa watoto 20 ambao hawajatimiza miaka miwili. Mtoto alionyeshwa kikaragosi kinachojifanya kula, akapewa biskuti zake, kisha akaombwa akipe kikaragosi biskuti: mara nyingine biskuti iliyookotwa na mtafiti, mara nyingine moja kutoka bakuli lake mwenyewe. Nyuso za watoto zilipigwa picha za sinema na kutathminiwa na watu wasiojua madhumuni ya utafiti. Watoto walionyesha furaha zaidi walipotoa kuliko walipopokea, na zaidi tena walipotoa kilicho chao kuliko walipotoa cha kuokotwa. Wazazi wanaoamulia magomvi ya vitumbua kila asubuhi watatikisa vichwa, nami siwalaumu. Lakini mwaka 2015 matokeo ya namna hiyo yalipatikana pia katika kijiji cha visiwa vya Vanuatu, katika bahari ya Pasifiki, mahali palipo mbali sana na malezi ya Kanada.

Ubongo nao umechunguzwa. William Harbaugh, Ulrich Mayr na Daniel Burghart wa Chuo Kikuu cha Oregon, Marekani, waliwalaza wanawake 19 katika mashine inayopiga picha za ubongo kwa nguvu za sumaku. Kila mmoja alikuwa na dola 100. Katika baadhi ya awamu aliweza kuchagua kutoa sehemu ya fedha hiyo kwa ghala la chakula cha maskini. Katika awamu nyingine fedha ilikatwa bila kuombwa ridhaa yake, kama ikatwavyo kodi, ikapelekwa katika ghala lilo hilo. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2007, yalionyesha kwamba sehemu za ndani za ubongo ambazo huchangamka mtu apatapo chakula au fedha zilichangamka pia fedha ilipokwenda ghalani. Zilichangamka hata ilipokatwa kwa lazima. Lakini zilichangamka zaidi mtu alipotoa kwa hiari. Kwa watoza kodi habari hii ina faraja kidogo, mradi tu mlipaji aelewe fedha yake inakwenda kulisha nani.

Baada ya kusema hayo yote ni wajibu wetu kuonyesha upande wa pili, kwa maana buletini ya sayansi haifai kuwa mahali pa kusifu jambo kwa sababu tu linapendeza.

Kwanza, athari yenyewe si kubwa. Mwaka 2018 Oliver Curry na wenzake walikusanya tafiti 27 zilizowahusisha watu zaidi ya 4,000 na kukadiria kwa jumla manufaa ya tendo la wema kwa mtendaji. Ukitafsiri kipimo chao kwa lugha ya kawaida ni kama hivi: ukimchukua mtu mmoja yeyote katika kundi la watenda wema na mwingine yeyote katika kundi la kulinganishia, mara 58 hivi katika 100 yule wa kwanza ndiye atakayekuwa na furaha zaidi. Kama wema usingekuwa na athari yoyote, ingekuwa mara 50. Ni tofauti ya kweli, lakini si dawa ya majonzi, na anayetangaza kwamba sadaka moja itambadilisha mtu maisha anatia chumvi.

Pili, watafiti wale wale wa mwanzo walirudia kazi yao mwaka 2020 kwa idadi kubwa ya watu, wakiwa wametangaza mapema watakachopima na jinsi watakavyokokotoa, ili wasiweze kuchagua matokeo yanayowapendeza. Wanafunzi 712 walipomnunulia kitu mgeni mwenye shida au kujinunulia wenyewe, watoaji walikuwa na furaha zaidi, kama ilivyotarajiwa. Lakini watu 1,950 walipoombwa tu wakumbuke matumizi ya zamani, tofauti haikuonekana. Jaribio likarekebishwa kidogo na kurudiwa kwa watu 5,199. Safari hii tofauti ilionekana, ila ilikuwa ndogo. Inaelekea, basi, kwamba tendo lina nguvu kuliko kumbukumbu ya tendo.

Tatu ni utafiti wa Armin Falk na Thomas Graeber, uliochapishwa mwaka huo huo wa 2020, na ambao binafsi nauona kuwa mgumu kumeza. Washiriki waliwekwa mbele ya mambo mawili: ama wapokee euro 100, ama ilipwe sadaka ya euro 350 kwa ajili ya matibabu ya kifua kikuu nchini India, kiasi kilichokadiriwa kutosha kuokoa maisha ya mtu mmoja. Matokeo yaliamuliwa kwa sehemu na bahati nasibu, ili tabia ya mtu isichanganywe na athari ya tendo. Mara baada ya uamuzi, wale waliookoa maisha walikuwa na furaha zaidi. Baada ya mwezi mmoja mambo yaligeuka: waliopokea euro 100 ndio waliokuwa na furaha zaidi. Joto la makaa lilikuwa limepoa, na fedha ilikuwa bado inahitajika.

Je, matokeo haya yanapingana na yaliyotangulia? Si lazima. Furaha ya saa ile ni jambo moja na furaha ya mwezi ujao ni jambo jingine, kama tulivyokwisha kutahadharisha. Tena mgonjwa yule wa India hakuwa na uso wala jina kwa mtoaji. Hapo ndipo penye kiini cha makala haya. Majaribio yaliyofuata hayakuuliza tena kama kutoa huleta furaha. Yaliuliza ni kutoa kwa namna gani.

Namna ya kwanza ni ile ambayo mtoaji huona kazi ya fedha yake. Mwaka 2013 Aknin na wenzake waliwaomba watu wachangie, ama mfuko wa UNICEF, ambao shughuli zake kwa watoto ni nyingi mno, ama mpango wa Kanada uitwao Spread the Net, uliokuwa ukiahidi chandarua kimoja cha kuzuia malaria kwa kila dola 10. Mashirika yote mawili yanawahudumia watoto. Lakini ni kwa wale waliochangia vyandarua tu ndipo mchango mkubwa zaidi ulipoandamana na furaha kubwa zaidi. Chandarua mtu anaweza kukiona akilini, kimetandwa juu ya kitanda, na mtoto amelala ndani yake. Mfuko mkuu hauonekani.

Namna ya pili ni ile inayowakutanisha watu. Katika jaribio jingine washiriki walipewa kadi ya mkahawa yenye thamani ya dola 10. Wengine waliambiwa wampe mtu kadi hiyo basi. Wengine wafuatane naye mkahawani lakini kila mtu ajilipie. Wengine waitumie peke yao. Na wengine wamlipie mwenzao huku wakikaa pamoja naye. Hao wa mwisho ndio waliofurahi kuliko wote. Wapenzi wa taarab hawatashangaa. Shabiki anayeinuka kwenda kumtunza mwimbaji hampelekei fedha kwa tarishi. Huipeleka kwa mkono wake, akicheza, mbele ya macho ya yule anayempa.

Namna ya tatu ndiyo nzito kuliko zote, nayo ni hiari. Mwaka 2010 Netta Weinstein na Richard Ryan walionyesha kwamba anayemsaidia mwenzake hunufaika moyoni pale tu anapohisi kuwa ameamua mwenyewe. Akisaidia kwa kuona haya, kwa hofu au kwa kusukumwa, manufaa hayo hutoweka. Na mpokeaji naye hunufaika zaidi akisaidiwa na mtu aliyejitolea kwa hiari. Wapokeaji hutambua, na wala si ajabu: nani kati yetu hajawahi kupokea kitu kutoka katika mkono uliokunjika?

Hapa tunafika nyumbani. Mwaka 2016 Pamela Jakiela na Owen Ozier walichapisha utafiti walioufanya katika vijiji vya Kenya. Wanakijiji walipewa fedha wakaambiwa wachague sehemu ya kuiwekeza katika mchezo wenye uwezekano wa faida. Kwa baadhi yao kiasi walichopewa na faida waliyoipata vilibaki siri. Kwa wengine vilitangazwa mbele ya hadhara. Wanawake waliojua kwamba mambo yatatangazwa walipanga uwekezaji wao kwa namna itakayoficha kiasi walichopewa, ingawa kwa kufanya hivyo walijipunguzia faida. Waliofanya hivyo zaidi ni wale ambao ndugu zao walikuwa wamehudhuria. Watafiti walikadiria kwamba wanawake walitarajia fedha inayoonekana itatozwa kitu mfano wa kodi ya zaidi ya asilimia nne, na kwamba kiwango hicho kilikaribia kuwa maradufu palipokuwa na ndugu wanaoiona.

Yafaa kuitafakari picha hiyo. Watu hao si wachoyo. Yumkini wengi wao ndio wanaolea watoto wa marehemu dada zao na kupeleka uji kwa majirani wagonjwa. Lakini wamekuwa tayari kupoteza fedha ili wasipoteze uamuzi juu ya fedha. Kinachokimbiwa si kutoa, ni kutolewa.

Msomaji wa mijini atakuwa amekwisha kukumbuka kadi za michango ya harusi. Kadi huja na kiwango cha chini kilichokwisha kuandikwa, kamati ina mwenyekiti na mweka hazina, na siku hizi majina ya waliotoa na ya walioahidi tu huorodheshwa katika kundi la simu ili kila mtu asome. Mchango wa namna hii una kila sifa ya kuondoa furaha tuliyoieleza: kiasi kimepangwa na mwingine, asiyetoa anafedheheshwa, na fedha inayeyuka ndani ya bajeti ya ukumbi, mapambo na vinywaji, ambamo hapana awezaye kunyoosha kidole na kusema hiki ndicho changu. Sisemi kwamba michango ya harusi haina faida. Ni aina ya akiba ya kuzungushana, leo kwako na kesho kwangu, na akiba ni jambo la busara. Ila tuihesabu kuwa akiba, au deni, wala tusimshangae anayeilipa bila tabasamu.

Msiba ni jambo jingine, ijapokuwa nao una daftari lake na mwandishi wake. Anayekwenda msibani hukaa mkekani, humshika mkono mfiwa, huona sanda ikinunuliwa na sufuria ya wali ikiinjikwa. Fedha yake ina kazi inayoonekana, na ameitoa akiwa pamoja na watu. Hata pale ambapo desturi inamlazimisha kwenda, aghalabu moyo wake ulikuwa umekwisha kutangulia. Nashuku kwamba tofauti hii, wala si ukubwa wa fedha, ndiyo inayofanya watu wanung'unikie kadi na wasinung'unikie rambirambi. Ni dhana inayoweza kupimwa, na vyuo vyetu vina uwezo wa kuipima kwa gharama ndogo.

Kuna takwimu moja zaidi inayohusu watu walioachiwa hiari kamili. Mwaka 2022 Ryan Dwyer na Elizabeth Dunn walieleza jaribio ambalo matajiri wawili waliokataa kutajwa majina waliligharimia kwa dola milioni 2. Watu 200 kutoka Kenya, Indonesia, Brazili, Marekani, Uingereza, Kanada na Australia, waliopatikana kupitia mtandao wa Twitter, walipewa kila mmoja dola 10,000 wazitumie katika miezi mitatu wapendavyo. Wengine 100 hawakupewa kitu, ili wawe wa kulinganishia. Waliopewa walipata furaha zaidi, na wale wa nchi zenye mapato madogo, Kenya ikiwamo, walipata ongezeko la mara tatu kuliko wenzao wa nchi tajiri. Lakini tazama walivyozitumia. Kwa wastani kila mmoja alitumia zaidi ya dola 6,400 kwa mambo yaliyowanufaisha watu wengine pia, na ndani yake karibu dola 1,700 zilikuwa sadaka kwa mashirika ya hisani. Hapakuwa na kamati wala orodha.

Msomaji anayependa kujichunguza anaweza kufanya jaribio dogo lisilo na gharama kubwa. Chagua kiasi ambacho hakitaidhuru nyumba yako, hata shilingi 2,000. Kila Jumamosi asubuhi, kwa majuma manane, andika katika daftari namba kati ya 1 na 10 inayoonyesha furaha yako ya saa ile. Kisha rusha sarafu. Ikiangukia upande wa picha, jinunulie kitu kwa fedha hiyo. Ikiangukia upande wa namba, itumie kwa mtu mwingine, ikiwezekana mtu utakayemwona, kwa kitu utakachokichagua mwenyewe. Jioni andika namba tena kabla hujaitazama ile ya asubuhi, na urudie kuandika Jumatano inayofuata, ili uone kama joto limebaki au limepoa. Usimweleze mtu unachokifanya, kwa maana ukishaeleza, tayari umeingiza hadhira katika jaribio. Majuma manane ya mtu mmoja hayatathibitisha kitu kwa sayansi, lakini ni idadi inayotosha kulinganisha namba ulizoziandika na zile ambazo ungezibashiri. Kwa hiyo, kabla ya kurusha sarafu kwa mara ya kwanza, andika ubashiri wako katika ukurasa wa mwisho wa daftari na uukunje.